Mapepeo ya Maua ya Mehrauli

SWALI: Nimesikia kuna sherehe Delhi ambapo Wahindu na Waislamu hupeleka maua pamoja, hekaluni na kwenye kaburi la walii. Ilianzaje? Na je, dini hazichanganyiki hapo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni Phool Walon Ki Sair, yaani matembezi ya wauza maua, hufanyika Mehrauli, kusini mwa Delhi, mvua zikishakatika. Chanzo chake ni nadhiri. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza walimhamishia Allahabad mwanamfalme Mirza Jahangir kwa kumfyatulia risasi mwakilishi wao. Mamake akaweka nadhiri: mwanangu akirudi, nitatandika shuka la maua kwenye kaburi la Khwaja Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, walii aliyefariki 1235. Kijana akarudi, nadhiri ikaondolewa, na baba yake, mfalme Akbar Shah II, akaagiza maua yapelekwe pia hekalu la Yogmaya, mungu wa kike wa Kihindu, lililo jirani.

Kinachobebwa hasa ni pankha, pepeo kubwa lililopambwa kwa maua na karatasi za kumetameta, juu ya mti mrefu, ngoma na zumari zikitangulia. Kila mahali pana siku yake na adabu zake. Hekaluni hupokea kuhani. Kaburini hupokea khadimu. Unavua viatu, unafunika kichwa, na wanawake huzuru kutoka nje ya uzio wa kaburi.

Kwa hiyo hapabuniwi ibada ya tatu. Wanachoshiriki ni msafara, gharama na heshima ya kusindikizana hadi mlangoni kwa mwenzako. Hata hivyo wapo Waislamu wasiokubali kabisa kutandika mashuka makaburini, Wahindu wawepo wasiwepo, na msimamo huo nao unastahili kuheshimiwa.

Kilichoivuruga ni siasa, si wenyeji kuchokana. Waingereza waliisimamisha 1942. Katika ghasia za 1947 kaburi lenyewe la Khwaja lilivamiwa, na Waislamu wa Mehrauli wakahama. Gandhi alipofunga Januari 1948, sharti lake mojawapo la kufungua lilikuwa Waislamu waachwe wafanye hauli ya Khwaja, yaani kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo chake, kwa amani. Ikafanyika, naye akahudhuria tarehe 27, siku 3 kabla ya kuuawa. Sherehe ya maua ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Nehru akiwa waziri mkuu.

Ukipanga kwenda, ulizia kwanza: tarehe hubadilika kila mwaka.