Mwaka Kogwa na mgeni wa barabarani

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, sasa naishi Dar es Salaam na nina watoto wawili. Julai iliyopita niliwapeleka wakauone Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, niliowasimulia tangu wadogo. Tulifika asubuhi, tukasimama juani pale uwanja wa Kae Kuu, tukaona kibanda cha makuti kinaungua, jioni tukarudi mjini. Mkubwa akaniuliza, "Mama, ndiyo hiyo tu?" Sikuwa na jibu. Ule wa utotoni umekwenda wapi? Au watalii na simu zao ndio waliouharibu?
Mama wa wawili, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Watalii waache. Kwetu nyumba iliyopitwa na sikukuu hii bila mgeni ilionekana ina nuksi.

Mwaka mmoja wajomba zangu wa mjini hawakutokea. Adhuhuri inakaribia, baba akaenda kusimama barabarani na kanzu yake ya Ijumaa. Akarudi na utingo wa gari la abiria, kijana aliyeshuka kuomba maji ya kutia kwenye rejeta. Mama hakumuuliza hata jina. Alimtandikia mkeka, akampakulia wali wa nazi na pweza. Gari linapiga honi nje, kijana anatafuna huku anatukodolea macho sisi watoto tuliojipanga mlangoni. Mara dereva naye akaingia, nadhani kuja kugomba, akapewa sahani. Abiria wakagawanywa kwa majirani. Sijui walifika saa ngapi walikokuwa wakienda.

Wewe watoto umewaonyesha saa mbili tatu za katikati. Babu yangu alihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi mara 36, akaongeza siku 5, na hesabu ikifika mwisho sisi hatulali. Alfajiri tunakwenda pwani kuukoga mwaka, ndiyo maana ya jina lenyewe. Kisha kina mama na khanga mpya, doti nzima, wanaimba nyimbo za mafumbo. Mama alituziba masikio, kazi bure, tulikwishazikariri. Ndipo wanaume wa kusini na wa kaskazini ya mji wanakutana kuchapana kwa mabua ya migomba. Baba na jirani yetu walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mbuzi aliyekula mihogo. Walichapana mpaka mabua yakawa nyuzi. Usiku walikula sinia moja, na mbuzi hakutajwa tena.

Sasa mwanao, aliyesimama pembeni na chupa ya maji, angeyajuaje hayo? Hamjui hata mmoja wa wale wanaopigana.

Safari hii mpigie simu shangazi yako au binamu yeyote aliyebaki, mapema, umwambie, "Mgeni wenu wa Mwaka ni mimi." Nenda siku mbili kabla, lala kwao, si hotelini. Beba mchele na sukari, usiende mikono mitupu. Watoto watumwe kama tulivyotumwa sisi: mmoja akune nazi, mwingine apeleke sahani kwa jirani na arudi na ya jirani. Simu usiwanyang'anye, utawanunisha bure. Zitaishiwa chaji zenyewe. Na kama huko hujabakiwa na ndugu, piga hodi nyumba yoyote siku ile.

Mumeo akitaka kuingia kwenye mabua, aingie, ila asivae shati jeupe. Utomvu wa mgomba hautoki.