Magazini ya risasi ngapi? Kwa vijana wetu wanaokwenda Marekani

Kijana wa hapa Nakuru akishapata viza ya Marekani, maswali anayoniletea ni yale yale: kazi, nyumba, baridi. Siku hizi limeongezeka la bunduki. Ameona video za jamaa zetu wa Denver wakilenga shabaha nyikani, anataka kujua magazini, yaani kile kisanduku cha kuwekea risasi kwenye bunduki, inaruhusiwa kubeba risasi ngapi. Niliishi Aurora, Colorado, miaka mingi kabla ya kurudi Lanet, na jibu langu huwaudhi: unaenda kufanya nini na hiyo bunduki?

Nitaongea ya Colorado, maana ndiko ninakokujua. Magazini isizidi risasi 15. Sheria hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2013, chini ya mwaka mmoja baada ya mauaji ya ukumbi wa sinema pale pale Aurora. Aliyekuwa na kubwa zaidi kabla ya siku hiyo, na haijamtoka mikononi tangu hapo, anaruhusiwa kubaki nayo. Kwa hiyo ukienda nyika ya Pawnee kulenga vibao, 15 ndiyo hesabu yako.

Ukienda kuwinda, hesabu ni nyingine. Kwa mnyama mkubwa kama elki, aina ya kulungu, bunduki ndefu inayojipakia yenyewe isiwe na zaidi ya risasi 6, za kwenye magazini na ile iliyo tayari kufyatuliwa kwenye chemba zikijumlishwa. Kwa bata maji ni 3 tu, na hiyo ni sheria ya nchi nzima, uwe Colorado au Texas. Hapo kwenye bata ndipo wageni wengi hunaswa. Mtu anadhani akitia risasi mbili za marisawa, zile zenye punje nyingi ndogo, na kuacha nafasi nyingine tupu, yuko salama. Hayuko. Kinachoangaliwa ni bunduki inaweza kubeba ngapi, na bunduki nyingi za marisawa hubeba zaidi ya tatu. Ndiyo maana huwekwa kijiti cha mbao au plastiki ndani ya bomba la magazini kupunguza nafasi, nacho kisiweze kutoka bila bunduki kufunguliwa. Ukinunua bunduki iliyotumika, usiamini maneno ya muuzaji. Wengine hukitoa wakienda kulenga shabaha na hawakirudishi.

Asubuhi moja kando ya mto South Platte, afisa wa wanyamapori alitukuta kwenye matete. Hakuwa na maneno mengi. Alichukua bunduki ya mwenzangu, akahakikisha haina kitu, akatoa risasi bandia mfukoni. Ya kwanza ikaingia bombani. Ya pili pia. Ya tatu akaisukuma kwa kidole gumba ikagoma: mbili za bombani na moja ya chemba, ndizo tatu zinazoruhusiwa. Akairudisha, akaomba leseni, akaenda zake. Ingeingia, tungekuwa na mazungumzo marefu.

Kuna na suala la mpaka. Wyoming, jimbo jirani, haina kikomo cha magazini, na kutoka Denver hadi Cheyenne, mji wa huko, ni mwendo wa chini ya saa mbili. Utaziona za risasi 30 dukani, bei nafuu, na muuzaji hana haja ya kukuuliza unaishi wapi. Ukirudi nayo Colorado, kosa ni lako.

Haya yote yanamhusu mwenye haki ya kushika bunduki. Mwanafunzi au mtalii mwenye viza ya muda amekatazwa na sheria ya nchi nzima kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Colorado nayo kwa kawaida haitakuuzia leseni hiyo bila cheti cha mafunzo ya uwindaji ikiwa ulizaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, yaani karibu kila anayesoma hapa. Kachukue mafunzo kwanza. Ushawishi wa binamu aliyekutangulia huko hautakusaidia mbele ya hakimu wala watu wa uhamiaji.

Ukija likizo, acha vitu hivyo huko. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu hata sehemu za bunduki kuwa silaha. Kagua begi lako la uwindaji kabla ya kulitumia kwa safari; risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni inatosha kukulaza korokoroni.