Mkulima au mvuvi? Kisiwani Lewis ni vyote viwili

Umeuliza kwa nini mtu wa Lewis, huko Scotland, asichague kimoja: shamba au bahari. Ndugu yangu, shamba lenyewe, wanaloliita krofti, mara nyingi halizidi hekta 5, na udongo wake ni wa tindikali, umejaa maji. Zamani waliubeba mwani kutoka pwani kuurutubisha, ndipo wapate viazi na shayiri. Leo wengi wana kondoo tu, wanaochungwa kwenye malisho ya pamoja ya kijiji.

Kwa hiyo bahari inajazia. Mashua ndogo, madema, kamba-koche na kaa. Wengi wao huishia sahani za Uhispania na Ufaransa, mvuvi mwenyewe akila viazi na samaki wa chumvi! Upepo wa Atlantiki ukichachamaa wakati wa baridi, mashua hazitoki, hata wiki nzima.

Kuni hakuna, miti ni michache mno. Mwezi wa Mei hukata mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza unaowaka ukikauka, kwa jembe maalumu, matofali kwa matofali, wakaianika na kuichoma jikoni miezi ya baridi.

Na usidhani ardhi ni yake. Wengi ni wapangaji, ila sheria ya 1886 ilimzuia mwenye ardhi kuwafukuza ovyo, na krofti hurithiwa. Kabla ya hapo watu walihamishwa kupisha kondoo.

Jumapili, siku ya ibada, usimtafute kazini. Feri ya Stornoway, mji mkuu wa kisiwa, yenyewe ilianza safari za Jumapili 2009, tena kwa malumbano.