Kaka yuko Arizona, anasema AC imemla hela yote

SWALI: Shikamoo anti. Naandika kutoka Goba. Kaka yetu mkubwa yuko Marekani, Phoenix huko Arizona, na alishanunua nyumba yake. Tulikubaliana mwaka huu atume hela ya kumalizia nyumba ya mama, jipsamu, rangi ya nje na tailizi za barazani, sasa juzi kapiga simu anasema haiwezekani tena, AC ya nyumba nzima imekufa na mpya ni dola 12,000. Anti, hiyo si kama milioni 30 za kwetu? Mi nimepita Kariakoo, AC ya chumba haifiki hata milioni moja na nusu. Mume wangu anasema shemeji anatupiga kamba. Na kama ni kweli, mtu mwenye kazi na nyumba yake anakosaje akiba ya kitu kama hicho? Sisi wenyewe nyumba ya mama tutaipangiaje isije ikatukuta hivyohivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto ampunguzie shemeji yake, hiyo bei ni ya kweli kabisa. Wewe uliyoiona Kariakoo ni spliti ya chumba kimoja. Ya kaka yako ni mtambo mmoja unaopoza nyumba nzima, jiko, sebule, vyumba vyote, hewa inapita kwenye mabomba makubwa darini na mara nyingi mashine yenyewe imekaa juu ya paa inapigwa jua kutwa nzima. Kubadilisha mtambo wa hivyo kule dola 8,000 mpaka 15,000 ni jambo la kawaida, inategemea ukubwa wa nyumba na mabomba yako kwenye hali gani.

Na usidhani ni starehe. Phoenix ni jangwani, mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo joto la mchana halikushuka chini ya nyuzi 43. Sisi hapa Januari ikifika 33 na ule mvuke tunalia na dunia nzima inajua. Mwaka huohuo wa 2023 kaunti ya Maricopa, ndiko Phoenix ilipo, ilithibitisha vifo 645 vinavyohusiana na joto, na baadhi ya hao walikutwa ndani ya nyumba zao, AC imekufa au haijawashwa. Kwa hiyo kaka yako hawezi kusema ngoja nijenge kwa mama kwanza afu mwakani nitaona.

Sasa swali lako la pili ndo zuri, anakosaje akiba. Wamarekani wengi wanaambiwa weka kando asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, wengine wanasema mpaka 4. Tatizo la asilimia ni kwamba nyumba haijui bei yake. AC haifi kwa sababu nyumba ni ya dola laki nne, inafa kwa sababu imefanya kazi mchana na usiku kuanzia Mei mpaka Oktoba na vumbi la jangwani limejaa kwenye koili (vile vibomba vyembamba vinavyopitisha gesi), kwa hiyo mashine ambayo mahali pa baridi ingesogea miaka 15 na zaidi, kule ikipita 10 au 12 mwenyewe anaanza kuisikilizia. Kuna kikopo kidogo ndani yake kinaitwa kapasita, hata kwetu mafundi wanakijua, joto linakiua mapema na bei yake si kitu, ila kikifa Julai mafundi wote wa mji wanaitwa siku moja na unalipa wanachotaka.

Afu si AC peke yake. Maji ya Phoenix yana chokaa nyingi, inakaa chini ya hita ya maji moto kama ile gamba jeupe unayoikuta kwenye birika, hita inachemsha mawe badala ya maji na inaoza kabla ya wakati, ndo maana wanashauriwa kulimwaga tangi kila mwaka litoe uchafu. Paa nalo lina siri yake: vigae vinaonekana vipya ukiwa barabarani na vinaweza kufika miaka 50, ila chini yake kuna shiti ya kuzuia maji ambayo jua lile linaikausha ikapasuka ndani ya miaka 20 au 30, mvua zao za msimu wa joto zikija na upepo na tufani la vumbi ndo mtu anajua kumbe paa limekwisha.

Sasa angalia hesabu inayofaa, na hii mtumie kaka kwa WhatsApp. Chukua kila kitu kikubwa, andika kinaweza kuishi miaka mingapi zaidi, chukua bei ya kipya, gawa. Tuseme miaka mitatu iliyopita AC yake ilikuwa na miaka 9. Dola 12,000 gawa kwa miaka 3 ni 4,000 kwa mwaka. Hita dola 2,000, imebaki miaka 4, ni 500. Paa dola 15,000, imebaki miaka 12, ni 1,250. Jumla 5,750 kwa mwaka, yani karibu dola 480 kila mwezi. Kama nyumba ni ya dola 400,000 ile asilimia 1 ingempa 4,000 tu, AC peke yake inaimaliza yote na hajagusa kingine. Ndo hapo watu wanaponaswa, anaona anaweka akiba vizuri kumbe hesabu ilikuwa fupi tangu mwanzo. Na kama hajasaini bado mwambie achukue bei kwa mafundi watatu, na safari nyingine anunue Machi kabla joto halijapanda.

Nyumba ya mama ifanyie vilevile, ila adui yenu ni mwingine, Goba hakuna jangwa kuna unyevu na mvua ya masika. Tuseme pampu ya maji ni laki 4 na nusu na imebaki miaka 3, hiyo ni laki moja na nusu kwa mwaka. AC ya chumba cha mama milioni 1.2 kwa miaka 6, laki 2. Rangi ya nje milioni 1.8 kila miaka 5, laki 3 na elfu 60. Inakuja laki 7 na elfu 10, kama elfu 60 kwa mwezi, ongeza elfu 20 ya kunyonya shimo la choo na koki na vitasa. Elfu 80 mkigawana ndugu wanne ni elfu 20 mtu, hapo kaka hata akikwama nyumba haianguki. Bei ni za mfano, ulizeni fundi wenu. Na kwa sasa jipsamu isubiri, fungeni gata kwanza kama hamna, maji ya paa yakimwagikia ukutani mtakuja kupaka rangi juu ya chumvi na fangasi na itabanduka mwaka huohuo.

SWALI: Anti naishi Kigamboni karibu na bahari. Fundi anajaza gesi kwenye AC kila baada ya miezi michache, na mashine ya nje imeshaanza kutu. Ndo kawaida ya huku?

JIBU: Kutu ni kawaida, kujaza gesi sio. Gesi ya AC haiishi kama ya mtungi wa jikoni, inazunguka tu ndani, ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na huyo fundi anakuuzia dawa ya maumivu kila mwezi na jino lililooza lipo palepale. Mwambie atafute tundu kwanza na alizibe, asipotaka tafuta mwingine. Chumvi ya baharini inakula zile koili, kwa hiyo mashine ya nje isielekezwe upande upepo unakotoka, na ioshwe kwa maji baridi ya bomba (sio ya kisima cha chumvi jamani!) angalau kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Ukinunua mpya ulizia yenye koili zilizopakwa dawa ya kuzuia kutu. Kwenye hesabu yako usiiandikie miaka 10, andika 5.

SWALI: Nikiweka hela ya ukarabati kwenye simu naila. Niweke wapi? Wenzangu wananishauri ninunue vifaa kabisa niweke stoo.

JIBU: Simu ni ya nauli. Fungua akaunti nyingine isiyo na kadi, au weka UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, kwenye Mfuko wa Ukwasi, unaitoa ndani ya siku chache za kazi na hizo siku chache ndo zinakuokoa na harusi za watu. Vifaa usinunue, saruji kwa unyevu wa Dar itaganda stoo na rangi itakauka koponi. Isipokuwa tailizi: boksi mbili za ziada za muundo uleule uliobandika nunua sasa hivi, mwakani ukizunguka Kariakoo nzima hukuti.