Jiwe la roketi kwenye uwanja wa gofu

SWALI: Mhariri habari za kazi. Binamu yangu yuko Massachusetts huko Marekani, kanitumia picha ya jiwe limesimama kwenye majani ya uwanja wa gofu, eti hapo ndo roketi ya kwanza duniani iliporushwa. Nikamwambia acha kunipiga fiksi, roketi zinarushwa Florida. Tumebishana wiki nzima, tumewekeana kreti la soda. Nani kashinda? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Soda unanunua wewe, ila mkate chupa mbili tatu maana na yeye kateleza. Roketi ya kwanza duniani siyo hiyo, Wachina walikuwa wanarusha za baruti karne nyingi kabla. Iliyorushwa hapo Auburn, tarehe 16 Machi 1926, ni ya kwanza kutumia fueli ya kimiminika, yaani petroli na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Baruti ukishaiwasha ndo basi, inaungua mpaka iishe kama fataki, lakini kimiminika unakipimia kwenye paipu kama koki ya bomba, na nguvu yake kwa uzito uleule ni kubwa zaidi.

Wakati huo hapakuwa na gofu wala nini, lilikuwa shamba la mama mmoja, Effie Ward, ambaye Robert Goddard, mwenye hiyo roketi, alikuwa anamwita shangazi. Goddard alikuwa mwalimu wa fizikia Clark University, mji jirani wa Worcester. Siku hiyo kuna theluji, wako wanne tu: yeye, mkewe Esther, fundi wake Henry Sachs na mwalimu mwenzake Percy Roope. Sachs kawasha kwa moto uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, halafu roketi ikakaa palepale inanguruma haipandi, mpaka fueli ilipopungua ikawa nyepesi ndo ikanyanyuka, na Esther aliyeshika kamera ya kukaza kwa ufunguo, inayorekodi sekunde 7 tu, filamu ikawa imeshamwishia! Ndo maana hakuna picha ya ile safari yenyewe.

Na safari ilikuwa sekunde 2.5. Ilipanda mita 12 na kidogo, minazi mingi tu hapo kwenu inaizidi, ikaangukia bustani ya kabichi kama mita 56 mbele. Tena muundo wake ungekuchekesha, injini iko juu na matanki yako chini, Goddard alidhani hivyo itanyooka vizuri, baadaye akagundua haisaidii kitu akaacha.

Mbona jiwe lilichelewa mpaka 1960? Mwenyewe alikuwa haongei. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimdhihaki kwamba hajui hata fizikia ya sekondari, eti roketi haiwezi kwenda pasipo na hewa, tangu hapo akawa msiri, habari za Auburn watu wengi wamekuja kuzijua 1936. Alifariki 1945. Jiwe liliwekwa na American Rocket Society, na 1966 serikali ya Marekani ikapatambua rasmi kuwa eneo la kihistoria. Gazeti nalo lilisahihisha tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa tayari njiani kwenda mwezini.

SWALI: Na sisi huku Ngomeni je, si zilirushwa pia? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Zilirushwa bwana, kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco hapo baharini, kuanzia 1967 mpaka 1988. Inayojulikana zaidi ni setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilipaa 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndo ikapata jina. Na iliyousimamia mradi ni Goddard Space Flight Center, kituo cha NASA chenye jina la huyohuyo mzee wa kabichi. Ila roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa ya fueli kavu, hata tone la petroli haikuwa nalo.