Maswali ya Walimu: Jumuiya ya ujifunzaji isigeuke kikao cha matangazo

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule ya msingi, Kilosa. Tangu MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ije tunakutana kila mwezi kama jumuiya ya ujifunzaji, lakini ni matangazo ya mwalimu mkuu, kisha mmoja wetu anasoma moduli ya mafunzo kwa sauti. Darasani hakuna kilichobadilika. Tufanyeje?

JIBU: Moduli haina kosa, ila msianze nayo. Mafunzo haya yaliletwa shuleni ili mada itoke kwenye madaftari ya wanafunzi wenu. Kusanyeni ya hisabati, Darasa la V, mtafute kosa linalojirudia. Mathalani 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto amejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, kwa sababu anaona namba nne, haoni sehemu mbili za kitu kimoja.

Kikao hicho kitunge andalio moja tu la somo la dakika 40. Kateni vipande vya karatasi vya sentimita 24. Nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8. Zikiunganishwa ni 20, yaani 5/6. Halafu mwanafunzi apime 2/5 yake: haifiki hata sentimita 10. Amejumlisha akapata pungufu ya nusu aliyoanza nayo! Hapo mwacheni abishane na mwenzake kabla mwalimu hajasema neno.

Wiki hiyohiyo mmoja afundishe, wawili au watatu watazame. Kila mtazamaji achague wanafunzi wanne na aandike wanachosema na kufanya. Mambo huharibika hapa: watazamaji huanza kuwasaidia watoto, au huandika "mwalimu alijiamini", maneno yasiyomfaa mtu. Siku hiyohiyo kaeni nusu saa. Aliyefundisha aanze, wengine wasome walichoandika, andalio lirekebishwe, mwingine alifundishe mkondo wa pili. Mwalimu mkuu anakaribishwa, lakini fomu ya tathmini aiache ofisini. Akija nayo mtapewa somo la maonesho, na kosa la sehemu litabaki palepale.

SWALI: Tunaambiwa tufundishe kwa makundi. Nina wanafunzi 94 na madawati 31. Makundi ya kumi kumi ni kelele tupu.

JIBU: Kumi si kundi, ni mkutano: wawili wanafanya kazi, wanane wanasubiri. Tumia dawati kama lilivyo, watatu watatu, bila kuhamisha kitu. Andika swali ubaoni. Dakika moja kila mtu aandike jibu lake kimya, dakika mbili walinganishe majibu dawatini, ndipo uite majina. Walimu wengi huruka ile dakika ya kimya, na wakiiruka, mjuzi wa dawati anasema na wenzake wananakili.

Usiite walionyoosha mikono pekee. Andika majina kwenye vijiti, uchomoe kimoja, na utaje jina *baada* ya swali, si kabla. Kisha ngoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliona walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka na walio kimya huanza kusema. Sekunde tatu mbele ya watoto 94 ni ndefu kwelikweli, kwa hiyo hesabu moyoni.

Na "Tumeelewana?" ikijibiwa "Ndiyooo!" haijapima kitu. Dakika tano za mwisho toa swali moja, kusanya madaftari kumi ya mbele, katikati na nyuma, usahihishe hayo.

SWALI: Hatuna umeme wala projekta. Mbinu za kisasa tutaziwezaje?

JIBU: Hayo yote ya juu yanataka chaki, karatasi na vijiti. Mkihitaji video au moduli ya mtandaoni, mwenye simu janja aipakue mapema penye mtandao, na kwenye kikao msikae zaidi ya watano kwa simu moja. Msiangalie yote: dakika tatu, simamisha, mjadili mlichoona wanafunzi wakifanya, kisha endeleeni.