Samadi Hurudi Kihambani, Nishati Hairudi

SWALI: Kihambani kwetu Moshi, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ng'ombe hula majani ya migomba, kisha samadi yake hurudishwa kwenye migomba na kahawa. Je, nishati nayo huzunguka hivyo?

JIBU: La. Kinachozunguka ni virutubisho, kama naitrojeni na fosforasi, ambavyo bakteria na kuvu huviachilia wanapoiozesha samadi, mizizi ikavifyonza tena. Nishati huingia upya kila siku kupitia mwanga wa jua unaonaswa na majani, na sehemu kubwa ya ile anayoila ng'ombe hupotea kama joto la mwili. Hata fukuto la lundo la samadi alfajiri ya baridi ni nishati inayotoroka. Kwa makadirio, ambayo hutofautiana sana, asilimia 10 tu ya nishati hufika ngazi inayofuata ya walaji, kama kutoka majani hadi ng'ombe.